Kamera Kwenye Sanduku la Unga

Mwaka ule wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokwisha kuwaogesha watu bila kuwaomba ruhusa, gugu maji lilifunga ghuba ya Homa Bay kama mtu anavyofunga mlango kwa hasira. Ziwa halikuonekana. Kulikuwa na kijani tupu, kijani kinene chenye maua ya zambarau, kuanzia miguuni pa akina mama wauza dagaa wa omena hadi kule macho yanakochokea. Wapo walioapa kwamba mbuzi wa Kendu alivuka kwa miguu, akala sukuma wiki za watu mjini, na jioni akarudi kwao ameshiba. Wengine walisema kiboko mmoja aliinuka kupumua akatoka na shada la maua kichwani kama bibi harusi, akaona haya, akazama tena. Nani angebisha? Aliyeliona gugu lile alikuwa tayari kuamini lolote.

Na aliyeliona vizuri kuliko wote alikuwa Maurice, mpiga picha. Kila Jumapili alipanda juu ya jiwe lile lile pale bichi, akapiga picha moja tu. Mbele yake akina mama wa kikundi cha Fungua Ziwa walikuwa majini hadi viunoni, wakikata mfereji kwa mapanga na kuyavuta magugu kwa mikono. Usiku aliichapa picha hiyo katika chumba chake cha giza, na asubuhi aliibana kwa kibanio cha nguo kwenye wavu mkuukuu uliotundikwa sokoni, kando ya picha za wiki zilizotangulia. Watu walipita wakalinganisha. "Kumbe wamefika pale!" Jumapili iliyofuata walikuja wengine watatu na mapanga yao.

Katika kila picha, mwanamke mmoja alikuwa katikati. Picha ya kwanza ilikuwa bahati. Ya pili, labda. Ya tano, hata kipofu angeuliza.

Jina lake Nyanchoka. Alikuwa kiongozi wa kikundi, mwenye kovu la panga kiganjani na kicheko cha kumfanya mtu asahau alichokuwa akisema. Baba yake, Mzee Makori, alitoka Kisii zamani akaja kufungua mashine ya kusaga unga karibu na soko. Alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, na Sabato kwake haikuwa mchezo. Jua likizama Ijumaa, mashine ililala hadi jua lizame Jumamosi, hata kama mteja ni mkuu wa wilaya mwenyewe na gunia lake kichwani.

Sasa Maurice, kazi yake kubwa ilikuwa Jumamosi. Harusi ni Jumamosi. Tena siku moja alikwenda kupiga picha za ubatizo wa Waadventista kule ziwani, enzi maji yangalipo. Akarudi nyuma hatua moja ili awapate wote, akarudi ya pili, ya tatu akazama mzimamzima na suruali yake ya kitambaa. Alipoibuka, Mzee Makori alikuwa amesimama juu yake.

"Kijana," mzee alimwambia, "umebatizwa kabla ya kutubu."

Ndiyo maana alipokwenda kubisha hodi kwa Mzee Makori na kusema anampenda Nyanchoka, mzee hakuuliza ng'ombe wala shamba. Aliuliza kamera.

"Wewe ni Mkatoliki, na mimi sikusukumi kanisani," alisema. "Ila nataka kujua kitu kimoja. Mtu aliyeshika kitu anachokipenda, akiambiwa aweke chini, anaweza? Kwa sababu mume asiyejua kuweka chini hata kidogo, huyo ni ngiri. Niletee kamera kila Ijumaa kabla ya jua kuzama. Nitaifungia. Jumamosi jua likizama nitakupa. Sabato nne. Ukishindwa moja, usinione tena mlangoni."

Maurice akakubali. Kwa hiyo kila Ijumaa kamera yake iliingia kwenye sanduku la mbao la kuwekea unga, ikafungwa kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa koti la mzee. Sabato ya kwanza Maurice aliumwa kichwa. Ya pili mikono ilimwasha. Ya tatu alijikuta anafumba jicho moja akimtazama kuku.

Ya nne ndiyo hii.

* * *

Alikuwa amekaa barazani kwa Abdirahim, jirani yake muuza vitambaa, akihesabu saa zilizobaki. Ilikuwa saa tisa alasiri. Ghafla vitambaa vyote vilivyoning'inia mlangoni vikapeperuka kuelekea ziwani.

"Upepo umegeuka," Abdirahim alisema. "Unatoka mlima Asego. Wiki ngapi sijaona upepo wa huku!"

Kabla hajamaliza, mayowe yalisikika kutoka bichi. Hayakuwa mayowe ya msiba. Yalikuwa ya watu walioona jambo na hawajajua jina lake.

Maurice alikimbia. Alipofika alisimama kama mtu aliyegonga ukuta.

Gugu lilikuwa linaondoka.

Halikuondoka vipandevipande. Liling'oka zima, kama mkeka unaovutwa na mkono usioonekana, pale pale ambapo mfereji wa akina mama ulikuwa umelikata na kulitenga na ufuo. Kati ya nchi kavu na kijani kile mstari wa maji ulifunguka, mwembamba kama uzi, kisha mpana kama barabara, kisha mpana kama uwanja. Maji! Meusi kwanza, kisha ya buluu, kisha yenye kumeta hadi watu wakakinga macho. Juu ya gugu ndege weupe kwa mamia walisafiri wamesimama, bila kupiga bawa, kama abiria waliokwisha lipa. Boti zilizokuwa zimekwama tangu Machi zikaanza kutikisika zenyewe, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoamshwa.

Akina mama wakongwe walipiga magoti. Mtu mmoja alivua viatu. Hakuna aliyecheka.

"Yawa!" Min Akeyo, muuza omena mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alinong'ona kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Nam, ziwa letu, imerudi."

Mkono wa Maurice ulipanda wenyewe kifuani, ukatafuta kamera. Ukakuta kifungo cha shati.

"Maurice!"

Nyanchoka alikuja mbio kutoka upande wa kanisani, pindo la gauni lake la Sabato mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Alisimama kando yake. Walitazama pamoja.

"Ni sisi?" Nyanchoka aliuliza polepole. "Ni ule mfereji wetu?"

"Upepo umesukuma. Lakini mlikata ninyi. Bila hivyo upepo haungekuta pa kushika."

Machozi yalimtoka Nyanchoka naye akayaacha yateremke. Mzee Makori alikuwa amefika pia, Biblia kwapani. Alivua kofia. Maurice aliuona mkono wa mzee ukishuka hadi mfuko wa koti, pale penye ufunguo, ukagusa, kisha ukajiondoa haraka kama umeungua.

Min Akeyo ndiye aliyezinduka wa kwanza.

"Mor!" alimwita Maurice. "Omera, mbona umesimama kama mlingoti? Piga picha!"

"Kamera haipo, mama."

"Haipo wapi?"

"Kwa Mzee. Ni Sabato."

Wanawake wote wakageuka kumtazama, kisha wakamtazama Nyanchoka, kwa sababu ndiye aliyekuwa kiongozi wao na ndiye aliyekuwa na baba.

"Nyathina, mwanangu," Min Akeyo alimsogelea, "upepo huu ni mgeni. Ukigeuka usiku, gugu litarudi kabla ya chai. Nani ataamini? Watu wa Sori na wa Mbita wanatucheka, eti wanawake wa Homa Bay wanafyeka ziwa kama shamba la mahindi. Miezi mitano wavu wetu unaonyesha kijani. Siku moja tu uonyeshe maji! Ukionyesha maji, watakuja hata wanaume waliolala. Nenda kwa babako."

Nyanchoka alimvuta Maurice kando, nyuma ya boti moja.

"Sema neno moja tu," alimwambia, "nami nitamwomba Tata ufunguo. Hajawahi kuninyima kitu nikilia, na leo tayari ninalia."

"Usimwombe."

"Maurice!"

"Usimwombe, Nyanchoka. Akikubali kwa ajili ya machozi yako, nitapata picha. Halafu maisha yake yote akiniona mezani atajua kwamba nilishindwa saa tatu tu kabla ya mwisho. Atanipa chakula. Mtoto wake hatanipa."

"Mimi si kikombe cha kupewa mtu! Na wanawake hawa je? Unajua Min Akeyo amevuta magugu na mgongo ule mbovu wiki ngapi? Ni ishirini na moja. Mimi ndiye niliyewaambia, vuteni, ipo siku. Siku imefika, mpiga picha wetu anashika Sabato kuliko Musa!"

Alisema kwa ukali, lakini macho yake hayakumwacha. Maurice alimtazama, nywele zimechomoka kitambaani kwa upepo, mstari wa machozi umekauka shavuni, na nyuma yake dunia nzima inageuka buluu. Katika maisha yake hakuwahi kuona kitu cha kupigwa picha kuliko hicho, na mikono yake ilikuwa mitupu.

"Unadhani sitaki?" alisema. "Nimekaa mjini hapa miaka tisa nikipiga watu picha za kitambulisho, masikio yote mawili yaonekane. Leo Mungu ameniwekea hiki mbele, nawe ndani yake. Moyo wangu unapasuka, Nyanchoka. Lakini nilitoa neno."

"Na neno lako litabanwa kwenye wavu?"

"Jua litazama."

"Likizama, utapiga na nini? Na kibiriti?"

"Jua likiaga haliondoki mara moja. Ni kama mgeni wa huku kwetu. Anaaga ndani, anaaga barazani, halafu anasimama langoni kuongea. Nipe hapo langoni tu. Dakika kumi."

Nyanchoka alifungua mdomo ajibu. Upande wa pili wa boti mtu alikohoa.

Mzee Makori alikuwa amekaa pale kwenye mchanga, Biblia juu ya goti. Aliyasikia yote. Akainuka, akajipangusa, akaondoka kuelekea mjini.

"Sasa tumekwisha," Nyanchoka alisema.

* * *

Saa kumi na moja na nusu umati ulipasuka katikati. Mzee Makori alikuwa akirudi, sanduku la unga begani, shingo imepinda. Alilishusha karibu na jiwe la Maurice, akalikalia.

"Jaduong', mzee wetu!" Min Akeyo akampigia makofi. "Kubeba sanduku si kazi?"

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, humtoi?"

"Unamtoa!"

"Basi nimemtoa."

"Haya fungua!"

"Nimesema kumtoa, mama. Sijasema kumkamua."

Bichi nzima ikaangua kicheko, na mzee mwenyewe akalazimika kutazama kando. Lakini ufunguo ulibaki mfukoni.

Ndipo ukaanza ungojaji ambao watu wa Homa Bay waliusimulia miaka mingi baadaye, kila mtu na chumvi yake. Mji mzima ulisimama ukilitazama jua. Nusu yao walilisihi lizame upesi ili sanduku lifunguliwe, na nusu walilisihi likawie ili mwanga ubaki. Jua, kwa kuchanganyikiwa, lilikaa juu ya vilima vya upande wa Mbita kama mtu aliyeitwa na wake wawili. Maji yakawa ya dhahabu. Gugu lilikuwa sasa mstari mweusi kule mbali, na ndege juu yake kama chumvi iliyomwagika.

"Limezama!" mtu akapiga kelele.

"Bado," mzee alisema. "Limejificha nyuma ya kilima. Kujificha si kuzama."

"Sasa nani atajua?"

Abdirahim akajipenyeza mbele. Alikuwa na saa mkononi na ile karatasi ya nyakati za swala iliyokuwa ikining'inia dukani mwake.

"Mzee Makori, sisi tunalipima jua hili mara tano kwa siku. Zimebaki dakika nne. Muadhini akiita magharibi, jua limezama, hata likijificha chini ya kitanda."

Mzee alifikiri. Alimtazama Abdirahim, akamtazama Maurice aliyesimama mikono mgongoni.

"Huyo muadhini hukosea?"

"Mwaka wa sita namsikia. Hajakosea."

"Haya. Tumngoje."

Dakika nne zile zilikuwa ndefu kuliko miezi mitano. Kisha kutoka mjini, juu ya mabati ya soko, adhana ikapanda, nyembamba, safi, ikapita juu ya vichwa vya watu ikaenda ziwani, na maji yaliyokuwa na miezi bila kusikia sauti yakaipokea.

Kufuli ilifunguka kabla adhana haijaisha. Mzee aliitoa kamera kwa mikono miwili kama mtu atoaye mtoto majini. Ilikuwa imejaa unga.

"Kioo!" Maurice alishtuka.

Nyanchoka alikwisha vua kitambaa chake cha kichwa. Walikishika pamoja, yeye huku, Maurice huku, wakafuta unga kwenye kioo. Vidole vyao vikakutana juu yake na havikuondoka upesi kama ilivyotakiwa.

"Sijakusamehe," alinong'ona.

"Baadaye. Nenda majini, pale unaposimamaga."

Maurice alipanda jiweni, akaisimamisha kamera kwenye stendi yake. Akasoma namba ya picha zilizokwisha pigwa. Thelathini na sita. Filamu ilikuwa imekwisha tangu Ijumaa, picha za vitambulisho zilikula zote. Lakini wapiga picha wa zamani wana siri yao. Ukiivalisha filamu kwa ubahili, mkono wako ukiwa mwepesi, huwa inabaki ya thelathini na saba. Moja. Pengine. Alivuta kile kijiti cha kusogezea filamu taratibu, akisali kwa Kikatoliki. Kikaenda, kikagoma, kikaenda. Kikafika.

"Mwanga ni mdogo!" aliwapigia kelele. "Nitaacha jicho la kamera wazi kwa muda. Nikiinua mkono, asitikisike mtu! Mkitikisika mtakuwa moshi!"

Akainua mkono, akabonyeza, akaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili.

Nani angesimama tuli? Hapo hapo Min Akeyo alirusha maji juu kwa mikono yote miwili, wimbo ukalipuka, na bichi nzima ikaruka. Tatu. Nne. Maurice alitamani kulia. Tano. Sita. Saba. Nane. Akaachia.

* * *

Jumapili alfajiri upepo ulikuwa umegeuka. Kufikia saa moja asubuhi kijani kilikuwa kimerudi nusu ya ghuba, na akina mama walikuwa wamekaa nje ya studio ya Maurice kama watu wanaongoja mzazi ajifungue.

Nyanchoka, kiongozi, alisema ataingia kuiona picha ikichapwa.

"Chumba gani?" Mzee Makori aliuliza.

"Cha giza, Tata."

"Cha giza. Na nani?"

"Na Maurice."

"Na mimi," mzee alisema, akavua kofia.

Kwa hiyo walibanana watatu mle ndani, chini ya taa nyekundu, mzee katikati kama ukuta. Maurice aliitumbukiza karatasi nyeupe kwenye beseni la dawa, akaitikisa polepole.

"Haina kitu," mzee alisema.

"Subiri, mzee."

Kwanza ulikuja mstari, ule wa mbali wa gugu linaloondoka. Kisha maji, mapana, yanang'aa kama bati jipya, kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee Makori akashika ukuta.

"Inatoka wapi?" alinong'ona. "Maurice, inatoka wapi?"

"Ilikuwamo tangu jana. Dawa inaiita tu."

Watu wakatokea. Hawakuwa watu, walikuwa moshi. Bichi nzima ilikuwa imetikisika: Min Akeyo wingu jeupe, Abdirahim kivuli chenye mikono sita, mzee mwenyewe, aliyeapa kwamba hakucheza, amegeuka mawimbi matatu. Umati mzima wa roho ulikuwa ukiruka kwenye ukingo wa ziwa lililo wazi.

Na katikati ya moshi, majini hadi magotini, mtu mmoja. Kila uzi wake ulionekana wazi, bila ukungu. Ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni. Wote walikuwa wameligeuzia jiwe migongo, wakitazama ziwa. Yeye peke yake alikuwa amegeuka, na macho yake yalitoka kwenye karatasi ile moja kwa moja, yakamfikia aliyekuwa nyuma ya kamera.

Tone moja la maji lilisikika likidondoka bombani.

Mzee Makori aliinama hadi pua ikakaribia dawa. Akamtazama binti wa kwenye beseni. Akamtazama binti wa kando yake, aliyeinamisha uso.

"Wewe," alimwambia Maurice hatimaye, "Ijumaa usiniletee kamera."

Maurice aliliachia beseni. "Mzee, sikukosea. Sabato ya nne ilikwisha, adhana tuliisikia sote."

"Nimesema usilete. Ifungie kwako mwenyewe. Mtu wa nyumbani hawekewi kufuli." Akavaa kofia yake, akapapasa kitasa. "Wewe lete wazee wenu. Hii ikikauka nipe mimi, nitakwenda kuibana kwenye wavu kwa mkono wangu."

Mzee yule aliyekataa kuwaacha gizani akatoka, na mlango akaurudisha mwenyewe. Nje wanawake walimvamia, "Jaduong', kuna maji? Kuna maji?" na sauti yake ikasikika: "Yapo. Chukueni mapanga."

Ndani, Maurice aliihamisha picha kwenye beseni la pili.

"Ulihesabu hadi ngapi?" Nyanchoka aliuliza.

"Nane. Halafu nikalifunga jicho la kamera."

Nyanchoka alimtazama chini ya ile taa nyekundu, kama alivyomtazama kutoka majini.

"Mimi hakuna aliyeniambia umefunga," alisema. "Bado sijatikisika."